Palipo Peupe kwenye Ramani

Mume wangu aliiteka meza yangu ya kukatia nguo kwa siku kumi na mbili, na mpaka leo sijamsamehe sawasawa. Meza ile ndiyo ofisi yangu. Nilikuwa nimetoka mara moja kununua zipu, na niliporudi nikakuta vitambaa vya wateja vimekunjwa, tena vimekunjwa kiume, ncha huku na ncha kule, vimerundikwa juu ya cherehani. Meza nzima ilijaa ramani. Za zamani kushoto, mpya kulia, na yeye katikati, miwani puani na penseli nyuma ya sikio.

"Baba Kinda, ndiyo nini hii?"

"Kazi."

"Na mimi hapa huwa nacheza?"

"Nipe wiki mbili tu, Mama Kinda. Meza ya kulia chakula ni fupi."

Fupi! Miaka yote ilitutosha sisi na wageni juu, leo imekuwa fupi. Nikahamia huko na mkasi wangu, nikawa nakata magauni ya watu nimeinama mpaka kiuno kikagoma.

Niwaeleze kwanza huyu mtu. Mume wangu ni rubani, kapteni wa ndege za abiria, si zile kubwa za kuvuka bahari bali hizi za pangaboi zinazobeba watu sitini na kitu kwenda miji ya karibu. Ameruka miaka ishirini na sita. Kazini wanamwita Penseli, kwa sababu hata baada ya kampuni kuwagawia tableti, yeye bado huchapisha ramani ya uwanja anaokwenda na kuitia alama kwa mkono wake. Ni mtu wa utaratibu mpaka kero. Siku tuliyooana alichelewa dakika sita kwa sababu ya mafuriko, na kila mwaka tarehe hiyo huniomba radhi upya. Mtoto tunaye mmoja, binti, ambaye tangu azaliwe mdomo ulikuwa wazi saa zote akidai kulishwa, ndipo bibi yake akamwita Kinda, na jina likaganda. Huyo Kinda sasa ana miaka ishirini na minne, na ni rubani msaidizi kwenye kampuni hiyohiyo ya baba yake. Kwa hiyo wote wawili wako angani, na mimi niko chini na sindano.

Mimi ni mwoga, sifichi. Wakiondoka, roho yangu hukaa mkononi mpaka simu ilie. Nimewahi kushona mkono wa shati kwenye tundu la shingo kwa sababu saa ya kutua ilikuwa imepita kwa dakika kumi. Mume wangu alikuwa akinicheka. "Ndege ni salama kuliko ngazi za hili ghorofa letu," alikuwa akisema, kisha anazishuka ngazi zenyewe akipiga mluzi. Sikuwahi kumwona akiogopa kitu, na ndiyo maana nilichelewa kujua kilichompata.

Sasa hizo ramani. Msidhani ni za miji na mito. Kila uwanja wa ndege una karatasi zake, ya kupaa, ya kushuka, ya kujua pa kuegesha, na kila baada ya siku ishirini na nane hutolewa marekebisho. Takwimu hutoka serikalini. Halafu zipo kampuni ambazo kazi yao ni kuzichukua takwimu hizo na kuzichora zisomeke upesi na mtu aliye kwenye kiti kinachotikisika. Kampuni ya mume wangu ilinunua kwa wachoraji walewale tangu yeye ni kijana. Mwaka huo wakubwa wakataka kuhamia kwa wengine, kwa kuwa ramani zao zinakaa vizuri zaidi kwenye tableti. Wakamchagua Penseli aruke na ramani mpya kwa wiki mbili, awe na za zamani mkobani, kisha aandike ripoti ya kuzilinganisha: zipi zina uzuri gani, zipi zina ubaya gani, na je, wenzake wahamie bila wasiwasi? Mkuu wa marubani alimdokeza kwamba jibu linalotarajiwa ni ndiyo.

Siku za mwanzo alifurahi kama mtoto aliyenunuliwa kalamu za rangi. Alinifuata hata jikoni kunieleza. Za zamani ni nyembamba na masafa ya redio yako juu. Mpya ni pana na masafa yako chini, lakini herufi zimenona, anaziona hata bila miwani. Za zamani zimejaa maandishi kama ukuta wa choo cha shule. Mpya zimeachwa nafasi, macho yanapumua.

"Hawa wapya wanajua kuchora," aliniambia. "Nilikuwa nawabeza bure."

"Basi nenda ukahamie kwao na meza yao," nikamjibu.

Alhamisi ya wiki ileile nilikuwa karibu na dirisha natunga uzi nikaona gari lake linaegeshwa chini. Akazima injini, lakini hakushuka. Nikashona upindo mzima wa sketi, nikachungulia tena, bado yumo, mikono juu ya usukani. Alipopanda, alipanda ameshika ukuta. Hakula. Alisema kichwa kinamuuma. Ijumaa akakaa mbele ya ramani asubuhi nzima bila kuandika neno. Jumamosi, siku yake ya kuruka, alipiga pasi shati moja mara mbili, na wakati wa kufunga vifungo nikaona vidole vinatetemeka. Nilipomuuliza akasema ni kahawa.

Kahawa gani, mtu anayekunywa maji ya moto? Nikajiambia, haya, kuna mwanamke. Umri wenyewe ndio huo, suruali za wanaume wa umri huo nimezipunguza viuno nyingi tu, najua zinakoelekea. Jumatatu alipoingia kuoga nikaingia mifukoni mwake. Maneno nilikuwa nimeshayanoa, ya kumtosha yeye na huyo mwenzake. Kwenye mfuko wa ndani wa koti nikakuta karatasi imekunjwa mara nne. Nikaikunjua nikitegemea namba ya simu. Ilikuwa ramani ya kushuka uwanjani, moja ya zile mpya, na upande wa kulia, palipokuwa peupe, penseli ilikuwa imekandamizwa mpaka ikatoboa. Nilitafuta mwanamke nikakuta tundu.

Alipotoka bafuni nilikuwa nimeishika mbele yake. Akaitazama. Akakaa ukingoni mwa kitanda na taulo lake, akaniambia nifunge mlango, na nyumbani tulikuwa sisi wawili tu.

"Alhamisi tulikuwa tunakwenda kwenye huo uwanja," alianza. "Mimi siku zote huingilia magharibi. Siku hiyo magharibi kulikuwa na mawingu ya radi, nikazunguka niingilie mashariki. Sijawahi kupita upande huo. Mnara wao hauna rada, wakaniambia nishuke kwa hiari yangu. Tulikuwa ndani ya wingu, hatuoni kitu. Nikatazama ramani. Mashariki peupe. Nikamwambia msaidizi, tushuke mpaka futi elfu nne na mia tano."

"Ehe."

"Mama Kinda, pale pana kilima cha futi elfu nne na mia saba."

Hesabu hiyo hata mimi naiweza.

"Kwenye ramani za zamani," akaendelea, "ardhi yoyote iliyoinuka hupakwa kahawia, hata kilima kidogo. Miaka ishirini na sita jicho langu limezoea: kahawia ni hatari, peupe ni salama. Hawa wapya wanapaka kahawia kwenye milima mirefu tu. Kilima kisipofika kipimo chao wanaacha peupe, wanaweka nukta na namba. Na hawajadanganya. Wameandika kwenye ukurasa wa maelezo, na nimeusoma, nikautia na alama! Lakini mle ndani ya wingu jicho halikukiuliza kichwa."

"Nani aliona?"

"Msaidizi. Alisema, 'Kapteni, hii nukta ni ya nini?' Nikasimamisha kushuka. Hapohapo wingu likapasuka. Nikaona bati, Mama Kinda. Nikaona kamba ya nguo, na mwanamke anaanika, na akainua uso kututazama. Hata mashine inayoonya kwamba ardhi iko karibu ilikuwa haijalia bado. Ilikuwa imebaki kidogo sana."

"Halafu?"

"Tukapanda, tukazunguka, tukatua. Abiria sitini na mmoja wakashuka wananiambia ahsante. Msaidizi akafunga mkoba wake, akasema, 'Kapteni, mimi sijaona kitu.' Na mimi nikamwambia, 'Hata mimi.'"

Nilikaa kando yake. Na nilimwelewa upesi kuliko alivyotegemea, maana nami kosa hilo nimelifanya. Zipo karatasi za vipimo tunazonunua sisi mafundi kukatia nguo. Wachoraji wengine huchora mstari pale unapokata, nafasi ya mshono imo ndani. Wengine huchora mstari pale sindano inapopita, na nafasi ya mshono ujiongezee mwenyewe. Wote wako sawa, na wote wameandika pembeni kwa herufi ndogo. Mwaka niliohama kutoka kwa wale kwenda kwa hawa, nilisoma hayo maandishi, nikaitikia kwa kichwa, nikashika mkasi, nikakata gauni la bibi harusi likambana hata zipu haikupanda. Mazoea yana taabu. Mimi nilinunua kitambaa kingine usiku haujaingia. Yeye angenunua nini?

Sasa niseme ukweli unaonichoma. Alipomaliza kunisimulia, mimi ndiye niliyemwambia anyamaze. Nilimwona amesimama mbele ya wakubwa wanamvua mistari ya mabegani. Nikamwona mitaani, watu wananong'ona: yule ndiye aliyetaka kuwaua. Nikamwambia, umepona, abiria wamepona, funika kombe mwanaharamu apite.

"Na ripoti?"

"Andika kwamba rangi zinatofautiana. Si kweli zinatofautiana?"

Akaandika. Jumanne nzima aliandika. Kurasa kumi na moja za upana wa karatasi, unene wa herufi, mwanga wa tableti jua likiwa kali, masafa ya redio juu au chini. Kwenye ukurasa wa saba aliweka sentensi moja: "Wachoraji hawa wawili hutofautiana katika matumizi ya rangi kwa maeneo yaliyoinuka, marubani wazingatie ukurasa wa maelezo." Alinisomea. Sentensi ilikuwa safi na haikuwa na uongo. Ilikuwa pia ya kulaza mtu usingizi, na sote wawili tulijua hivyo.

"Huwezi kuiandika kwa nguvu zaidi?" nikamuuliza.

"Nikiitia nguvu wataniuliza nimejuaje. Nikieleza nilivyojua, nimekwisha. Na yule msaidizi ndiyo kwanza ameajiriwa, bado yuko kwenye miezi ya majaribio. Nitamwangusha na yeye."

Jumatano Kinda akaja, ilikuwa siku yake ya mapumziko. Alisalimia huku ameshafunua sufuria. Akala amesimama, sahani mkononi, akizunguka meza yangu ya kukatia na kutazama kazi ya baba yake. Akachukua ripoti, akaipitia haraka kama wanavyopitia vijana kila kitu. Kwenye ukurasa wa saba nikamwona anapita. Macho yake hayakusimama hata kidogo.

"Imekaa vizuri, Baba. Hizi mpya nzuri, mimi nimezipenda. Rangi tutazoea."

Kisha akaivuta ramani moja iliyokuwa karibu. Nilijua ni ipi kabla sijaiona, kwa jinsi mume wangu alivyoshika ukingo wa meza.

"Huku nimepangiwa mwezi ujao," Kinda akasema huku anatafuna. "Kapteni ninayeruka naye ananiambia magharibi hapo kila siku radi. Mimi naona watu wanajitesa. Si bora mtu azungukie tu huku mashariki? Ona, tambarare tupu."

Na kidole chake, chenye mafuta ya chakula changu, kikapita palepale, juu ya peupe, polepole, mpaka uwanjani.

Sijawahi kuogopa namna ile. Nimeogopa nikingoja simu, lakini kungoja simu ni kuogopa kitu usichokijua. Pale nilikiona. Nilikiona kidole cha mwanangu kinapita ndani ya kilima, na yeye anatafuna, ana furaha, anatupa ushauri. Nikamtazama mume wangu. Uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya jivu.

"Rudia ulivyosema," akamwambia.

"Nimesema mashariki ni tambarare."

"Tazama tena."

Akatazama. "Peupe, Baba. Hamna kahawia."

"Tazama nukta."

Kinda akainamisha kichwa. Aliiona. Akasoma namba kwa sauti ndogo, akaweka sahani juu ya meza. Halafu baba yake akamweleza yote, Alhamisi nzima, wingu, bati, mwanamke aliyeanika nguo, na maneno aliyoambiana na msaidizi wake. Alimweleza kama anayetoa ripoti mnarani, bila kupandisha wala kushusha sauti, na jasho jembamba linamtiririka shingoni.

"Na hiki ndicho ulichotuandikia?" Kinda akauliza. Alikuwa ameshika ukurasa wa saba. "Baba, ulikuwa uniache niende hivi?"

Mume wangu alivua miwani.

"Ni mimi niliyemwambia," nikasema.

Binti yangu alinitazama, na mtazamo ule sitaki kuuona tena kwa mtu niliyemzaa. Akachukua mkoba wake, akaondoka, chakula kimebaki nusu sahani. Tangu azaliwe sikuwahi kumwona Kinda akiacha chakula.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Msemo huo nimewaambia wateja wangu mara ngapi, wanawake wanaokuja kupimwa huku wamebana pumzi ili kiuno kionekane chembamba! Mimi mwenyewe sikuusikia mpaka siku hiyo. Mume wangu alifuta ukurasa wa saba wote. Lakini kabla hajaandika upya, alimpigia simu msaidizi wake, mbele yangu, spika imefunguliwa, kwa sababu alisema hataki tena kusema na mtu pembeni.

"Nataka kuandika ya Alhamisi," akamwambia.

"Kapteni, nina mapacha wa miezi mitano."

"Najua. Nitaandika kwamba ni wewe uliyeiona ile nukta. Ni kweli. Wewe ndiye uliyetuokoa."

"Na kwamba nilinyamaza je?"

"Nitaandika kwamba mimi ni mkubwa wako na mimi ndiye niliyekubali tunyamaze."

Yule bwana akapumua. "Andika," akasema mwishowe. "Lakini tukikutana, usinisalimie."

Ukurasa mpya wa saba ulianza hivi: "Mimi, kapteni mwenye miaka ishirini na sita kazini, niliishusha ndege yenye watu sitini na watano, sisi wafanyakazi wanne tukiwemo, kuelekea kwenye kilima, kwa sababu karatasi ilikuwa nyeupe na kwenye ramani nilizozoea nyeupe maana yake ni tambarare." Aliponisomea alikuwa ameweka "kwa bahati mbaya" katikati. Nikamwambia aiondoe. Akanitazama kidogo, akaiondoa.

Ijumaa nilikwenda naye. Sikuwahi kufika kwenye ofisi zao kwa jambo lolote isipokuwa sherehe. Nilikaa kwenye benchi la korido, chini ya picha ya ndege mpya, mkoba wangu mapajani, nikiwaona marubani wanapita na viatu vinavyong'aa, wote wananiamkia. "Shikamoo, mama." Nilikuwa naitikia marahaba. Mlango wa mkuu wa marubani ulikuwa mzito, hakuna neno lililotoka. Nilihesabu vigae vya sakafu mara mbili nikapata jumla mbili tofauti.

Alipotoka, kitambulisho hakikuwa tena shingoni mwake. Nyuma yake akatoka mkuu, mtu ambaye tumemlisha nyumbani kwetu, akaja mpaka kwenye benchi.

"Shemeji," akaniambia, na hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nayo, "mumeo angeweza kuandika sentensi moja tu. Sote tungeipokea."

"Alishaiandika," nikamjibu. "Binti yake aliisoma akaipita."

Mkuu alimsimamisha mume wangu kuruka mpaka uchunguzi uishe. Msaidizi wake walimwongezea miezi ya majaribio, hawakumfukuza, na kweli tulipokutana naye sokoni aligeuza uso. Ramani zenyewe hawakuziacha. Walihamia kwa wale wapya kama walivyokusudia, na mume wangu mwenyewe ndivyo alivyoshauri, kwa kuwa ni nzuri, kwa kuwa jicho litazoea. Lakini kila rubani aliitwa kwenye mashine ya mazoezi, akawekwa ndani ya wingu la bandia, akaingizwa uwanja ule kutoka mashariki. Tuliambiwa wengi walikigonga kilima. Na nyumbani simu zikaanza kulia, makapteni watu wazima, wananipita mimi juujuu na salamu za haraka kisha wanaomba kuzungumza na Penseli. Mmoja alizungumza kwa sauti kubwa mno, nikamsikia kutoka kwenye cherehani: "Mimi yangu ilikuwa mwaka juzi, uwanja mwingine. Sijamwambia hata mke wangu." Walipiga watatu kwa jumla.

Meza yangu nilirudishiwa. Niliifuta, nikatandika kitambaa, na mkasi ukakataa kwenda.

Kwa sababu mwezi ulikuwa umegeuka, na Jumanne hiyo Kinda alikuwa ameruka na ramani mpya kwenda kwenye uwanja uleule. Alitupigia asubuhi, sauti fupi, bado hajatusamehe vizuri, akasema atatua saa nane na robo. Saa nane na robo mume wangu alikuwa amekaa upande wa pili wa meza, hana sare, hana mkoba, mikono yake haijui pa kukaa. Saa nane na dakika ishirini akaitazama simu. Na dakika ishirini na mbili akaitazama tena.

"Huwa unafanyaje?" akaniuliza.

"Huwa nashona."

"Unaweza kushona?"

"Siwezi. Nashona hivyohivyo."

Nikampa sketi afumue upindo, ni kazi ya mtoto, unavuta uzi tu. Akavuta, akachana kitambaa. Saa nane na nusu ikapita. Nje kulikuwa na jua, lakini huko aliko Kinda nani ajuaye kulikuwa na nini. Mume wangu alianza kunieleza kwamba huenda amezungushwa asubiri zamu, kwamba huenda wamechelewa kuondoka, sababu zote zile alizokuwa akinipa mimi miaka yote kwa mzaha. Sasa alikuwa anajipa mwenyewe na hazimwingii.

"Miaka ishirini na sita," akasema. "Kila siku ulikuwa hivi?"

"Kila siku uliyoruka."

"Nami nilikuwa nakucheka."

"Ulikuwa unanicheka."

Hakusema samahani, na kama angesema ningemtupia mkasi. Alinyoosha mkono juu ya meza, juu ya kitambaa cha mteja, akaushika wangu.

Saa tisa kasoro dakika nane simu ikalia mlio wa ujumbe. Aliiwahi kabla yangu. "Nimetua. Mawingu mengi. Tuliingilia mashariki, tulikaa juu." Akausoma mara tatu, mara ya tatu kwa sauti, akajifuta uso kwa kile kitambaa alichokichana, nami sikumkaripia. Akasimama, akajinyoosha mgongo mzima, akavuta pumzi kama mtu aliyetoka majini.

"Basi," akasema. "Yamekwisha."

"Bado kurudi, Baba Kinda," nikamwambia. "Anaruka tena saa kumi."

Akaitazama saa ya ukutani. Akavuta kiti, akakaa.